Tarakimu Tatu za Mgongoni mwa Kadi: Je, Ni Siri?

Neno siri limetwishwa mzigo mzito katika Kiswahili cha zama hizi za rununu na tarakilishi. Tunapotoa pesa kwenye mtambo wa benki tunaambiwa tubonyeze nambari ya siri. Tunapotuma pesa kwa simu tunaambiwa vivyo hivyo. Tunapolipia kitabu, tikiti ya ndege au ada ya mtihani kupitia mtandao, wengi wetu huziita nambari ya siri zile tarakimu tatu zilizochapishwa mgongoni mwa kadi. Hata nambari inayoletwa na ujumbe mfupi, ambayo hufa baada ya dakika chache, nayo tumeiita nambari ya siri. Mambo haya hayafanani hata kidogo, lakini tumeyavisha kanzu moja.

Rai ninayotaka kuitetea katika makala haya ni kwamba zile tarakimu tatu za mgongoni si siri kwa maana tuliyofunzwa ya neno hilo, na kwamba kuziita siri kumewafaa matapeli kuliko kulivyowafaa wenye kadi. Najua wapo watakaosema kwamba hili ni suala la wahasibu na wataalamu wa tarakilishi, na kwamba jarida la wanafunzi wa Kiswahili lingepaswa kushughulikia ushairi, fonolojia na riwaya. Nawaomba wanistahimilie. Mtu akipoteza akiba yake kwa sababu alielewa neno visivyo, wanaisimu hawawezi kudai kwamba jambo hilo haliwahusu.

Tuanze na nambari ndefu iliyo upande wa mbele wa kadi, ambayo aghalabu huwa na tarakimu 16. Tarakimu za mwanzo hutambulisha aina ya kadi na benki iliyoitoa, zinazofuata ni za akaunti ya mwenye kadi, na ile ya mwisho ni ya kukagulia. Tarakimu hiyo ya mwisho hupatikana kwa kanuni ya hesabu iliyobuniwa na Hans Peter Luhn, mhandisi wa kampuni ya IBM, aliyepewa hataza yake mwaka wa 1960. Kanuni ya Luhn haikukusudiwa kumzuia mwizi. Ilikusudiwa kugundua makosa ya karani anayenakili nambari kwa mkono akageuza 47 kuwa 74. Mwanafunzi yeyote ajuaye kujumlisha na kuzidisha kwa mbili anaweza kuketi na kalamu, akatunga nambari inayoitii kanuni hiyo barabara. Kwa hivyo, nambari ndefu haithibitishi lolote kuhusu mtu anayeitaja.

Isitoshe, nambari hiyo ilitapakaa kila mahali. Wasomaji wenye umri watakikumbuka kile kimashine cha kusugulia kadi. Mwenye duka aliilaza kadi, akaweka juu yake karatasi yenye kaboni, akasukuma mkono wa kimashine kwenda na kurudi, na zile tarakimu zilizoinuka zikajichapa katika karatasi. Nakala moja ilikwenda benki, nyingine ilibaki dukani, na ya tatu alipewa mnunuzi, ambaye mara nyingi aliitupa katika pipa la kwanza alilolikuta. Mwokota taka mwenye nia mbaya alipata nambari nzima pamoja na tarehe ya kadi kuisha muda. Na kwa muuzaji aliyepokea maagizo kwa simu au kwa barua, hayo mawili ndiyo yote aliyoweza kumwuliza mnunuzi asiyemwona.

Hapo ndipo wazo la nambari ya ziada lilipozaliwa. Mwaka wa 1995, nchini Uingereza, Michael Stone, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya Equifax, alipendekeza msimbo wa herufi na tarakimu 11. Ulijaribiwa na kampuni ya Littlewoods iliyouza bidhaa kwa maagizo ya nyumbani pamoja na benki ya NatWest, kisha chama cha mabenki kilichosimamia malipo nchini humo kikaupokea na kuufupisha hadi tarakimu tatu tuzijuazo. MasterCard walianza kuzitoa mwaka wa 1997. American Express wakafuata mwaka wa 1999, na kufikia 2001 Visa walikuwa wamezitoa nchini Marekani. American Express walichagua tarakimu nne na kuziweka upande wa mbele wa kadi, jambo linaloharibu kidogo jina la "tarakimu za mgongoni" nililolitumia katika anwani. Nitalirudia suala la jina baadaye.

Uzuri wa uvumbuzi huo umo katika mahali zilipowekwa tarakimu hizo. Zilichapishwa bapa, hazikuinuliwa kama nambari ya mbele, kwa hivyo kimashine cha kaboni hakikuweza kuzinakili. Wala hazikuandikwa katika ule ukanda mweusi wa sumaku, kwa hivyo kifaa cha dukani kinachosoma ukanda hakikuzipata. (Ukanda una msimbo wake mwingine, na kijisahani cha dhahabu kilicho katika kadi za siku hizi kina wake pia, na yote mitatu hutofautiana.) Ili kuzijua, ilimlazimu mtu aishike kadi yenyewe na kuisoma kwa macho.

Hazikuchaguliwa kiholela pia. Benki huchukua nambari ndefu, tarehe ya kadi kuisha na msimbo mdogo wa huduma, ikavipitisha katika hesabu ya kuficha ujumbe kwa kutumia ufunguo ambao ni yake peke yake, kisha ikateua tarakimu tatu kutokana na tokeo. Ufunguo huo huhifadhiwa ndani ya mtambo maalumu uliolindwa dhidi ya mtu yeyote anayejaribu kuufungua. Muuzaji hana ufunguo, kwa hivyo hawezi kujua kama tarakimu alizopewa ni sahihi. Huzipeleka kwa benki iliyotoa kadi, benki ikarudia hesabu ile ile, ikamjibu kwamba zinalingana au hazilingani. Kadi mpya ikitolewa kwa tarehe mpya, tarakimu nazo hubadilika hata kama nambari ndefu imebaki ile ile.

Basi tarakimu hizi zinathibitisha nini? Hebu tuchukue mfano wa kwetu. Mwanamke anafika kwa jirani akidai kwamba leso iliyosahauliwa arusini ni yake, na kipande cha pili kiko naye nyumbani. Jirani mwenye busara hamwulizi rangi, kwa kuwa rangi iliwaonekania wote waliokuwa arusini. Humwuliza jina la leso, yaani yale maneno yaliyochapwa chini. Akiyataja sawasawa, jirani anajua kwamba huyu ameishika leso na kuisoma. Hajathibitisha kwamba hakumwibia mwenziwe kipande hicho cha pili. Amethibitisha tu kwamba kiko au kilikuwa mkononi mwake. Tarakimu tatu za kadi ni jina la leso. Kila aliyeishika kadi anaweza kuzisoma, na kila muuzaji wa mtandaoni anaruhusiwa kuziuliza.

Siri, kwa maana tuliyofunzwa, ni kitu kingine. Nambari ya siri ya mtambo wa benki haijaandikwa popote kwenye kadi, na ikiandikwa imekoma kuwa siri. Hatuipi duka, hatumpi karani, hatumpi hata mke au mume. Mwaka wa 2009 Benki Kuu ya India ililieleza jambo hili vizuri kuliko vitabu vingi. Iliamuru kwamba, kuanzia Agosti mwaka huo, malipo ya kadi kupitia mtandao yathibitishwe pia kwa taarifa isiyoonekana kwenye kadi. Amri hiyo inakiri kwa maneno machache kwamba kinachoonekana kwenye kadi, zikiwemo zile tarakimu tatu, hakitoshi kuwa siri.

Simaanishi kwamba tarakimu hizi hazina faida. Nazitetea, tena kwa moyo wangu wote, dhidi ya wale wanaozibeza kwamba ni urembo tu. Faida yake kubwa imo katika sheria iliyotungwa kuzizunguka. Mwezi wa Desemba mwaka wa 2004 kampuni za kadi zilitoa kanuni za pamoja za usalama, na mwaka wa 2006 zikaunda baraza la kuzisimamia. Kanuni hizo zinamruhusu muuzaji kuihifadhi nambari ndefu kwa masharti, lakini zinamkataza kabisa kuzihifadhi tarakimu za uthibitisho baada ya benki kuidhinisha malipo. Hata akizificha kwa hesabu ngumu kiasi gani, haruhusiwi. Azitumie, kisha azisahau. Kwa hivyo mwizi akivunja ghala la data la duka linalotii kanuni, atatoka na mamilioni ya nambari zisizo na tarakimu tatu, na hataweza kuzitumia katika tovuti yoyote inayoziuliza.

Wizi mkubwa uliotikisa Marekani unaonyesha jambo hili. Mnamo Januari 2009 kampuni ya Heartland, iliyoshughulikia malipo ya kadi kwa niaba ya maduka na mikahawa, ilitangaza kwamba wezi walikuwa wameingia katika mitambo yake. Mashtaka yaliyofuata yalitaja zaidi ya nambari milioni 130, na Albert Gonzalez, kinara wa genge hilo, alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mwezi wa Machi mwaka wa 2010. Zilizoibwa zilikuwa data za ukanda wa sumaku. Ziliweza kuandikwa katika kadi tupu na kutumiwa dukani, lakini tarakimu za mgongoni hazimo katika ukanda. Mlango wa duka ulikuwa wazi kwa wezi hao, ilhali ule wa mtandao, pale tarakimu zinapohitajika, ulikuwa umefungwa kwa komeo jembamba lakini la kweli.

Wembamba wa komeo hilo nao usifichwe. Tarakimu tatu hutoa uwezekano 1,000 tu, kuanzia 000 hadi 999. Mwishoni mwa mwaka wa 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walionyesha jinsi wembamba huo unavyoweza kutumiwa. Waliona kwamba tovuti hazifanani katika yale zinayoyauliza: nyingine huuliza nambari na tarehe pekee, nyingine huongeza tarakimu tatu. Mwizi mwenye nambari ndefu huanza na tovuti za kundi la kwanza na kubahatisha tarehe. Kwa kuwa kadi nyingi hudumu kwa miaka isiyozidi 5, majaribio 60 yanatosha. Akishaipata tarehe, huhamia kundi la pili na kubahatisha tarakimu tatu, majaribio yasiyozidi 1,000. Lau angelazimika kubahatisha yote mawili kwa pamoja angekabiliwa na majaribio 60,000. Akiyatenganisha, ni 1,060 tu. Kila tovuti humruhusu majaribio kumi au ishirini, naye huyagawa katika mamia ya tovuti kwa wakati mmoja ili pasiwe na inayomshuku. Watafiti hao walisema kazi yote ingeweza kumalizika kwa sekunde sita. Mtandao wa malipo wa MasterCard uliugundua mchezo huo kabla ya majaribio kumi kutimia, hata yalipotoka katika tovuti tofauti. Ule wa Visa haukuugundua wakati huo. Kosa halikuwa la tarakimu zenyewe. Lilikuwa la walinzi waliokaa kila mmoja mlangoni pake bila kuzungumza.

Kisha kuna mwizi asiyebahatisha. Kati ya Agosti na Septemba mwaka wa 2018, wahalifu waliingiza mistari michache ya programu katika tovuti ya shirika la ndege la British Airways. Abiria aliandika nambari yake, tarehe na tarakimu tatu katika ukurasa halali wa shirika halali, na nakala ya kila alichokiandika ikaelekezwa kwa wezi papo hapo. Kanuni ya kutohifadhi haikumsaidia, kwa sababu data ziliibwa kabla ya kufika ghalani. Ofisi ya Uingereza inayosimamia ulinzi wa data ilieleza kwamba nambari za kadi pamoja na tarakimu za uthibitisho za wateja wapatao 244,000 huenda zilifikiwa, na mwezi wa Oktoba mwaka wa 2020 ikalitoza shirika hilo faini ya pauni milioni 20. Mteja katika kisa hiki hakukosea lolote. Namtaja ili nisije nikaeleweka kwamba nawatwisha wenye kadi lawama zote.

Sasa nirudi kwenye lugha, maana ndiko nilikokuwa nikielekea. Katika nchi yetu somo la siri lilifunzwa na M-Pesa tangu Machi mwaka wa 2007. Halikufunzwa na kadi. Wakenya waliokuwa hawajawahi kufungua akaunti ya benki walifahamu upesi kwamba ile nambari ya simu ya tarakimu nne haitajwi mbele ya mtu. Nalistahi somo hilo. Pengine ndilo somo la usalama lililoenea zaidi katika historia ya nchi hii, na lilienea kwa sababu kanuni yake ni fupi na haina vighairi: usimwambie yeyote. Tatizo lilianza pale tulipolichukua jina la somo hilo na kulibandika kitu chenye kanuni tofauti.

Matokeo yamekuwa ya aina mbili, na yanakinzana. Kundi la kwanza ni la watu waangalifu mno. Mhitimu anataka kulipa ada ya maombi ya chuo cha ng'ambo, ukurasa wa chuo unamwuliza tarakimu tatu, anakumbuka kwamba siri haitolewi, anaufunga ukurasa. Siku ya mwisho inampita. Au anampa binamu yake aliye mjini kadi nzima "amfanyie", na hapo amekabidhi kila kitu kwa jina la kulinda siri. Kundi la pili hufikiri kwa mantiki ambayo siwezi kuilaumu. Mtu huyu amekwisha kuziandika tarakimu hizo katika tovuti tatu, hakuna lililomfika, akahitimisha kwamba kumbe zile si siri ya kweli. Basi akiulizwa na mtu yeyote mwenye sauti ya heshima, anazitaja.

Na sauti ya heshima haikosekani. Mazungumzo yenyewe huwa hivi: "Habari ya asubuhi, madam. Nakupigia kutoka benki yako. Kuna mtu anajaribu kuitumia kadi yako nje ya nchi na tunataka kumzuia. Tafadhali nambari yako ya siri usinitajie, hiyo ni yako peke yako. Nisomee tu zile tatu za nyuma nihakikishe kadi iko mkononi mwako." Tazama ustadi wa mlaghai huyu. Ameanza kwa kuiheshimu siri, na kwa kukataa kutajiwa nambari ya siri amejipatia imani yote aliyoihitaji. Kisha ametaja kazi halisi ya tarakimu tatu, kuthibitisha kwamba kadi iko mkononi, tena bila kusema uongo. Dakika moja baadaye ataongeza: "Utapata ujumbe wenye nambari, nisomee nao ili tuifunge ile kazi." Mwenye kadi amezoea kusikia siri ikimaanisha ile nambari ya mtambo. Hana neno la kuiita hii inayoingia katika simu yake, na kwa kuwa hana neno, hana kanuni. Anaisoma.

Nashikilia kwamba laiti vitu hivi vingekuwa na majina matatu, mlaghai angelazimika kufanya kazi zaidi. Mapendekezo yangu si ya kifahari. Ile nambari ya mtambo na ya simu ibaki nambari ya siri, kwa kuwa imekwisha kulimiliki jina hilo na watu wamelizoea. Inayokuja kwa ujumbe mfupi iitwe nambari ya mara moja, jina linaloeleza tabia yake. Na zile tarakimu tatu ziitwe nambari ya uhakiki. Wenzangu wa fasihi watapiga kelele kwamba uhakiki ni wao, na kwamba hakuna aliyewahi kuihakiki kadi ya benki kwa nadharia ya umuundo. Nawakumbusha kwamba kuhakiki ni kuhakikisha ukweli wa jambo, na kwamba maana hiyo ilikuwapo kabla ya semina zetu. "Tarakimu za mgongoni" lingekuwa jina tamu zaidi, lakini zile nne za American Express zinalikanusha. Aidha, kadi za siku hizi nyingine hazina mgongo. Tangu Juni mwaka wa 2022 mteja wa M-Pesa ameweza kufungua kadi ya Visa isiyoshikika, iliyo ndani ya simu pekee, ambayo nambari yake ya uhakiki huombwa katika simu inapohitajika na hudumu kwa muda mfupi tu. Neno "mgongoni" lingemchanganya mteja huyo bure.

Kuna pingamizi ninalolitarajia, nalo lina uzito. Teknolojia hii inabadilika. Katika Ulaya, kanuni zilizoanza kutumika Septemba mwaka wa 2019 zinadai kwamba malipo mengi ya mtandaoni yathibitishwe kwa njia mbili tofauti, kwa mfano simu ya mteja pamoja na alama ya kidole chake. Tarakimu tatu zisizobadilika, zilizobuniwa wakati wa maagizo ya simu na posta, huenda zikafifia. Kwa nini basi tuhangaike kukipa jina kitu kinachozeeka? Jibu langu ni kwamba kila hatua inayoondoa uzito katika tarakimu zilizochapishwa inauhamishia kwenye nambari ya mara moja au kwenye kitendo cha kubonyeza "kubali" katika simu. Walaghai wamekwisha kuhama pamoja nao. Mkanganyo wa majina haupungui. Unaongezeka, kwa sababu sasa tuna siri ya nne na ya tano.

Pingamizi la pili hutoka miongoni mwetu: istilahi zinazotungwa vyuoni hufia vyuoni. Tumeishuhudia ngamizi ikizikwa na tarakilishi ikipumulia mashine huku kompyuta ikitembea mitaani kwa miguu yake. Nakubali. Ndiyo maana sikupendekeza neno jipya hata moja. Siri, mara, moja na uhakiki yamo vinywani mwa watu tangu zamani. Kinachohitajika ni mabenki kuyatumia bila kuyachanganya, na hapo ndipo lawama yangu kuu inapoelekea. Mteja wa kawaida hupokea kadi ndani ya bahasha yenye kurasa kadhaa za masharti kwa Kiingereza cha mawakili, kwa herufi zinazohitaji miwani. Katiba ya mwaka wa 2010, Kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 46 kimempa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa na huduma. Ukivisoma vifungu hivi viwili pamoja, ni vigumu kuona ni kwa udhuru gani mwenye kadi ananyimwa nusu ukurasa wa Kiswahili unaomweleza maana ya tarakimu tatu anazozibeba mfukoni.

Nusu ukurasa huo unaweza kuandikwa leo. Mimi ningeuandika hivi: "Nambari ya siri ni ya kuwekwa nawe mwenyewe kwenye mtambo, usimtajie mtu, nasi hatutakuuliza kamwe. Nambari ya uhakiki imechapishwa kwenye kadi yako. Iandike tu katika ukurasa wa malipo ulioufungua wewe mwenyewe, kwa kitu ulichoamua wewe mwenyewe kukinunua, na usimsomee mtu anayekupigia simu, hata akijua jina lako. Nambari ya mara moja ikikujia bila wewe kununua chochote, kuna mtu anajaribu kuitumia kadi yako. Usimsomee yeyote, tupigie kwa nambari iliyo nyuma ya kadi. Kadi yako isiondoke machoni pako hotelini wala kwenye kituo cha mafuta, kwa maana anayeweza kuipiga picha pande zote mbili ana kila kitu kinachoulizwa na tovuti nyingi." Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoona inasahauliwa zaidi. Tunalindana na wavamizi wa ng'ambo kwa bidii, kisha tunampa mhudumu kadi aende nayo nyuma ya kaunta kwa dakika tano.

Napendekeza kwamba kamati ya istilahi ya chama chetu iuchukue mswada huo, iukosoe, iupeleke kwa wenzetu wa idara za sheria na sayansi ya tarakilishi ili waukague, kisha uwasilishwe kwa mabenki yenye matawi katika mji huu. Kabla ya kufika huko, ujaribiwe sokoni. Usomewe wenye vibanda ambao hawajakanyaga darasa la isimu, kisha waulizwe watafanya nini simu ya yule bwana mwenye sauti ya heshima ikilia. Wakijibu tofauti na tulivyokusudia, sentensi zibadilishwe, na kama neno uhakiki ndilo linalowatatiza, litafutwe lingine.